JE, NGUO INA DINI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Muislamu, huenda unamjua jirani aliyesilimu ambaye haji kwenye swala ya Ijumaa kwa sababu hana kanzu. Anaogopa macho yetu. Basi tujiulize: je, iko nguo moja ya Kiislamu?

Tuangalie China. Mwaka 1645 watawala wa Kimanchu waliwaamuru wanaume wa Kihan wanyoe nywele za mbele, wasuke mkia nyuma, na waache mavazi ya mababu zao. Wengi waliokataa waliuawa. Kwa hiyo usiseme nguo ni jambo dogo. Nguo ni heshima ya mtu, na mwenye nguvu akitaka kumvunja mwenzake huanzia hapo. Hata wazee wetu wanakumbuka wakati wa Zaire: karavati ilikatazwa, watu wakavaa abacost, hadi mwaka 1990.

Katika China hiyohiyo wamo Waislamu waitwao Wahui. Uislamu uko kule zaidi ya miaka 1,000. Wengi wao huvaa kama Wachina wenzao. Mara nyingi mwanaume utamjua kwa kofia nyeupe tu. Nani atasema swala yao haifai?

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kama alivyosimulia Mughira bin Shu'ba, alivaa safarini joho la Sham lenye mikono myembamba, hata ikabidi atoe mikono kwa chini ili atawadhe. Sham wakati ule ilikuwa nchi ya Warumi, wasio Waislamu. Hakulikataa.

Sheria imetutaka nini? Tusitiri uchi, nguo isibane wala kuonyesha mwili, wanaume tuache hariri na dhahabu, na tusivae kwa kiburi. Baada ya hayo, mshono ni wa kila taifa. Na Qurani, katika sura ya 7, aya ya 26, imetufundisha kwamba vazi bora kuliko yote ni uchamungu.

Kanzu ni vazi zuri, ndugu yangu, nami naipenda. Lakini kumbuka namna ilivyotufikia hapa Maniema: ililetwa katika karne ya 19 na wafanyabiashara kutoka pwani. Miongoni mwao walikuwamo walioswali wakiwa na kanzu nyeupe, kisha wakauza watu. Kanzu haikuwazuia. Na leo haimzuii anayepunja mizani sokoni.

Basi ukimwona mwenzako ameingia msikitini na shati la kitenge lililo safi, msogelee, mpe nafasi kwenye safu. Ukimrudisha kwa macho yako, utamjibu nini Mola wako siku ambayo sote tutafufuliwa bila nguo?

Allah atuvike uchamungu. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.