Bibi Hakuiona Bendera

Mimi nataka kuandika riwaya juu ya bibi yangu. Sura nilishazipanga: uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, vijiji 1974, Vita vya Kagera 1978. Nikamwendea na daftari.

"Bibi, usiku wa uhuru, bendera ya Mwingereza inashushwa, ulikuwa wapi?"

"Namuuguza kifungua mimba wangu. Surua. Tulimzika kesho yake. Ngoma tulizisikia."

Na 1974? Anaukumbuka mwembe wake tu, walivyohamishwa ukiwa na maembe mabichi.

Sasa nimekwama. Nina haki gani ya kumsimamisha uwanjani apige vigelegele, eti ili kitabu kipendeze? Huo ni wizi, jamani. Lakini kuifuta bendera nako ni uongo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975; mama yangu, aliyezaliwa 1976, alichomwa sindano ya surua na hakuugua. Labda historia ilimfikia bibi pale, kwenye mkono wa mtoto.

Nilipomsomea haya alinyamaza, kisha akauliza kama jina la yule wa kwanza nitaliandika. Sikuwa nimemwuliza.