Je, Yafaa Kusafiri Ili Kutazama Maua Tu?

Kila mwaka mwezi wa tatu unapokaribia kwisha, watu wengi wa Japani huziacha kazi zao kwa muda, huchukua chakula na mikeka, wakaenda kuketi chini ya miti. Mti huo huitwa sakura. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, nayo huchanua kabla majani hayajatokea, hata mti mzima huonekana kama wingu. Desturi hii huitwa hanami, maana yake kutazama maua. Siku hizi watu wa nchi nyingine nao hupanda ndege waende kuyaona, na mtu akitoka Tanzania atapita zaidi ya kilometa 10,000 kabla hajafika.

Huenda sisi tulio Chiola, na wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa, tukacheka tukisikia habari hii. Twajua kusafiri kwa ajili ya mazishi, harusi, matibabu, au kuuza ufuta na korosho. Lakini kusafiri ili kutazama! Basi, kabla ya kucheka tulipime swali lenyewe, maana si dogo kama linavyoonekana: je, yafaa mtu kutumia siku zake na fedha zake kwa kitu ambacho hatakila, wala hatakiuza, wala hatakichukua kwake?

Kwanza tuijue desturi yenyewe. Aina ya sakura iliyo nyingi zaidi katika miji ya Japani haipandwi kwa ajili ya matunda. Hupandwa kwa ajili ya maua yake. Nayo maua hayadumu. Yakiisha kuchanua kabisa hukaa kama juma moja, na mvua au upepo ukija huanguka upesi zaidi. Zamani karamu za maua zilikuwa za wakubwa. Mwaka 1598 mtawala Toyotomi Hideyoshi alifanya karamu kubwa ya maua katika hekalu la Daigo karibu na Kyoto, naye akafa mwaka ule ule. Katika karne ya 18 Tokugawa Yoshimune aliagiza miti hiyo ipandwe mahali ambapo watu wa kawaida wa mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, wangeweza kuketi na kufurahi. Hivyo jambo la mabwana likawa la watu wote.

Sasa tusikie hoja ya wanaopinga. Wao husema, Huu ni upotevu. Fedha za safari zingeweza kuwasaidia maskini. Hoja hii ina nguvu, wala tusiidharau. Mtu ambaye mama yake amelala nyumbani bila dawa, naye akatumia akiba yake kwenda kutazama maua, huyo ametenda vibaya, hata kama maua ni mazuri namna gani. Deni la upendo hulipwa kwanza.

Walakini tukumbuke habari ya Bethania. Mwanamke alimimina marhamu ya thamani kubwa, na wale waliosimama pale wakafanya hesabu ya bei yake, wakawataja maskini. Bwana hakuikubali hesabu yao, ingawa hakuna aliyewapenda maskini kuliko yeye. Tena alipowafundisha watu wenye wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwaelekeza kwenye maua ya kondeni, wayaangalie. Kwa hiyo twaona kwamba si kila kisicholeta faida ni upotevu. Liko tendo la kushukuru, na shukrani haina risiti.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi imo ndani yetu wenyewe, nayo ni mazoea ya macho yetu. Tazameni mikorosho. Huku kwetu huchanua kati ya mwezi wa sita na wa tisa, na kila mkulima huyaangalia maua yake kwa makini sana. Huyaangalia kwa hofu ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyafunika maua kama vumbi jeupe, naye hupuliza salfa apate kuyaokoa. Shada moja laweza kuwa na maua mamia, na korosho zitakazokomaa ni chache tu. Mkulima anazitafuta hizo chache, wala hatumlaumu, kwa kuwa ndizo zitakazomvika mtoto wake. Hata hivyo tujiulize: katika miaka yote hiyo, ni nani kati yetu aliyesimama chini ya mkorosho akalitazama ua lisilozaa?

Jicho lililozoea kuuliza faida tu huuliza swali hilo hilo kila linapogeuka. Leo huuliza juu ya ua. Kesho huuliza juu ya bibi ambaye mikono yake haiwezi tena kushika jembe, na juu ya mtoto aliyezaliwa asiweze kutembea. Katika nyumba nyingine hao hukaa nyuma ya mlango, hula mwisho, nao hutajwa kama mzigo. Hakuna aliyeamua kuwa mkatili. Ni macho tu ambayo hayakufundishwa kutazama pasipo kuhesabu. Hii ndiyo sababu twasema kwamba swali la maua si dogo. Anayejizoeza kukaa saa moja mbele ya kitu kisichomfaa kwa lolote, akakifurahia, anajifunza namna ya kukaa kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kumlipa.

Nchi yetu wenyewe ina ushuhuda wa macho ya namna ile nyingine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa mojawapo ya mahali pake, pamoja na Kongwa na Urambo. Msitu ulionekana kuwa nchi tupu inayongoja kutumiwa. Mitambo ikaletwa, miti ikang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani. Ekari na tani ziliandikwa katika vitabu kabla ardhi na mvua hazijajulikana vema. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwisha kutumika. Waliotaka faida peke yake walikosa hata faida, kwa kuwa hawakuitazama nchi kwanza.

Je, basi, mwenye kupenda maua huwa mwema? La, tusidanganyike. Japani yenyewe yatupa onyo. Wakati wa vita vijana waliambiwa kwamba ni jambo tukufu kuanguka kama maua ya sakura. Mwaka 1945 kulikuwa na chombo cha kuruka kilichojazwa baruti, naye kijana aliyekiendesha alikiangusha juu ya meli za adui, akafa nacho. Jina lake kiliitwa Ohka, yaani ua la sakura. Angalieni jinsi ilivyokuwa: lile ua ambalo uzuri wake ulikuwa kutotumika kwa lolote lilitiwa kazini, likatumiwa kuwafundisha watoto wa watu kufa. Ua halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la wale waliowatazama vijana kama kitu cha kutumiwa.

Nasi tusifikiri kwamba maua ya kusafiria yako ng'ambo tu. Katika nyanda za juu za kusini, kati ya Mbeya na Njombe, iko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mvua zikinyesha, tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa nne, uwanda ule hujaa maua ya namna nyingi, na namna za okidi peke yake ni zaidi ya 40. Lakini huko pia wako waendao na jembe. Viazi vya okidi huchimbwa vikauzwa Zambia, ambako huliwa, nao mmea uliochimbwa hauchanui tena. Mchimbaji mara nyingi ni maskini, wala si haki kumhukumu kwa maneno tu pasipo kumtafutia njia nyingine ya kupata riziki.

Tena kuna la karibu kuliko Kitulo. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati nchi yetu imekauka na visima vimepungua, miyombo na mitondo hutoa majani mapya kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Majani hayo ni mekundu, na mengine rangi ya shaba, nayo hugeuka kijani baada ya siku chache. Mninga nao huchanua maua ya manjano yenye harufu nzuri. Hakuna aliyeipanda miti hiyo. Mtu wa mbali angeweza kupanda ndege aje kuiona, lakini sisi hupita chini yake tukiwaza mkaa na shamba jipya la ufuta.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Faida moja ya safari ni hii, kwamba aliyekwenda kutazama kwa wengine hurudi na macho ya mgeni, akaona cha kwao. Pia mtu akitazama kwa uaminifu atajua mambo ambayo asiyetazama hayajui. Huko Kyoto habari za siku ya maua zimehifadhiwa tangu karne ya 9. Mwaka 2021 yalichanua kabisa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika habari hizo, na wataalamu huona humo alama ya joto la dunia linalozidi. Je, sisi twaweza kusema kama miyombo yetu hutoa majani siku zile zile za babu zetu? Ni nani aliyeandika?

Basi, hili ndilo jibu letu. Yafaa kusafiri ili kutazama maua, ikiwa msafiri hakumnyima mtu haki yake ili apate nauli; ikiwa anakwenda kutazama, asivunje tawi wala asichimbe; na ikiwa anaporudi anajua kumtazama jirani yake vizuri zaidi kuliko alipoondoka. Asiye na nauli hakupungukiwa kitu katika jambo hili. Walimu na wazazi, mwezi wa tisa ukifika, watoeni watoto nje kabla ya jua kuwa kali, mkasimame nao penye miyombo, wala msiwaagize kuokota kuni siku hiyo. Kisha piteni nao nyumbani kwa yule mzee asiyetoka tena, mkaketi naye kitambo.