Jani la Chai na Ngozi ya Kondoo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, hakuna nyumba katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, isiyopika chai. Twainywa asubuhi, twainywa baada ya alasiri, na mgeni akibisha hodi hiyo ndiyo takrima ya kwanza. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuwaeleza watoto wao kuwa jani lile latoka wapi, na likishachujwa laenda wapi? Maswali haya mawili ndiyo maneno yetu leo, kwani ndani yake mna elimu ambayo skuli zetu na vyuo vyetu vya Qur'ani havina budi kuifundisha.

Tutazame Mogogosiek, katika kaunti ya Bomet, nchi ya baridi na mvua. Huko wakulima wadogo huchuma majani mawili na chipukizi lake, wakayapeleka katika kiwanda cha mahali hapo. Majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa moto. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai. Chai ya nchi zile za bara huletwa Mombasa, ambako mnada wake umekuwako tangu mwaka 1969. Kwa hiyo mkulima wa Mogogosiek na mchukuzi wa Shimanzi wala riziki ya mti mmoja.

Sasa angalieni hikima iliyomo. Moto wa viwanda vya chai, kwa sehemu kubwa, ni moto wa kuni. Ikiwa kuni hizo zatoka katika mikaratusi iliyopandwa kwa kazi hiyo, mambo hukaa sawa. Zikitoka katika msitu wa Mau, msitu huo ndio uletao mvua na kulisha mito iteremkayo hadi Ziwa Victoria, na chai haiishi bila mvua. Basi anayeukata msitu ili akaushe chai, aikata chai yenyewe. Vilevile mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na wataalamu wa kilimo huwausia wakulima wayaache matawi yale pale pale chini ya shina, yaoze, yairudishie ardhi nguvu zake. Anayeyabeba yote kwenda kupikia amekopa kwenye udongo wala hakulipa.

Mtoto wa Mogogosiek aweza kulisoma somo hili nje ya mlango wa darasa lake. Je, mtoto wa pwani? Naye hakukosa. Pale Bamburi, mwaka 1971, René Haller alianza kupanda mivinje katika mashimo ya mawe yaliyochimbwa kwa ajili ya saruji, mahali palipokuwa jangwa jeupe. Miti iliota, lakini majani yake yalianguka wala hayakuoza. Ndipo wakaletwa majongoo, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa udongo, na udongo ukawa msitu. Watoto wetu hupelekwa huko kutazama twiga na viboko. Ni wachache waelezwao habari ya jongoo, naye ndiye mwalimu mkubwa kuliko twiga.

Wako wasemao: "Haya ni mambo ya skuli na ya serikali, chuo ni cha dini." Twawajibu kwa hadithi iliyothibiti katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita penye kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka ya mjakazi aliyeachwa huru na Bi Maymuna (R.A.). Akawauliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Wakamwambia kuwa ni mzoga. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Wao waliona uchafu mmoja, wa kutupwa wote. Yeye aliwafundisha kupambanua: hiki hakifai, hiki chafaa kikitengenezwa. Na kupambanua huko ndiko kunakotakiwa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022, iamrishayo taka ziozazo zitengwe na zisizooza. Tumetanguliwa kuandikiwa sheria katika jambo tulilofundishwa na Mtume wetu.

Na fiqhi yetu ya Kishafii yasemaje? Kila mwanachuo ajua kuwa maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ijapokuwa hayatoharishi tena. Basi kwa nini maji hayo yamwagike mtaroni, na mti ulio uani mwa msikiti ukauke? Mwalimu anayesomesha mlango wa maji na awatoe wanafunzi nje, awaonyeshe maji yale yakienda kwenye shina. Mas'ala hayo hawatayasahau.

Lakini tusidhani kuwa kurudisha kitu kazini ndiko mwanzo. Mwanzo ni kutofanya israfu. Kitu kisichonunuliwa bila haja hakihitaji jaa. Cha pili ni kutengeneza, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake. Cha tatu ndicho kukirudisha: majani ya chai na maganda yende shambani, chupa na bati ziende kwa wazinunuao.

Mtaala mpya ulioanza nchi nzima mwaka 2019 una somo la Shughuli za Mazingira kwa madarasa ya chini. Hilo ni jema. Lakini mtoto husoma asubuhi kuwa taka zitengwe, na jioni huiona walima ya babake ikimwaga sahani za wali na vikombe vya plastiki katika mtaro mmoja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tabia haikupigwa marufuku na yeyote ila sisi wenyewe. Mvua ikinyesha, mtaro huziba, na maji machafu huingia hata kwenye mlango wa msikiti. Mtoto huyo hatukumfundisha mazingira. Tumemfundisha kuwa maneno ya darasani ni ya kupasia mtihani tu, na ugonjwa huo ukimwingia hautakoma kwenye taka. Utafika kwenye sala yake na amana yake.

Basi yatupasa kuanza: kila chuo mapipa mawili na shimo la mbolea, kila msikiti mti unyweshwao maji ya udhu, na kila mzazi aulizwe na mwanawe, wala asimkaripie kwa kuuliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia neno wakalitenda. Amin.