Taabu ya Hiari na Taabu ya Lazima

Siku moja mwanafunzi alinijia baada ya masomo, mkononi ana picha iliyokatwa gazetini. Katika picha ile alionekana Mzungu juu ya baisikeli, uso umejaa vumbi jeupe, apanda kilima kirefu katika barabara isiyo na lami. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu huyu alikuwa akienda wapi?" Nikamjibu kwamba hakuwa akienda popote, waendeshao namna hii huondoka asubuhi mahali fulani, na jioni hurudi mahali pale pale. Akauliza tena, "Je, katika nchi yake hakuna barabara ya lami?" Nikamwambia ziko, tena nyingi. Akacheka, akasema, "Basi huyu ni mwendawazimu, maana njia njema anayo naye ameiacha."

Siku ile sikuwa na jibu. Lakini swali lake limenikaa moyoni, maana si swali la baisikeli tu. Ni swali hili: Je, taabu ina wema wowote hata mtu aitafute kwa hiari yake? Na ikiwa ina wema, je, yafaa kuisifu mbele ya mtu asiyeichagua?

Picha ile ilipigwa katika Italia, jimbo la Toscana, karibu na mji wa Siena. Nchi ile si tambarare. Vilima vyafuatana kama mawimbi, na kati yao mna mabonde. Mto Arbia washuka kusini ya Siena hata kukutana na mto Ombrone karibu na Buonconvento. Juu ya vilima mna ngano, mizabibu na mizeituni, na nyumba za mawe zilizojengwa mbali mbali. Nyumba hizo huunganishwa na barabara za changarawe, ambazo wenyeji huziita barabara nyeupe, kwa sababu ya mawe meupe yaliyopondwa na kutandazwa juu yake. Wakati wa jua hutimua vumbi. Wakati wa mvua huwa tope lishikalo magurudumu.

Barabara hizo hazikufanywa kwa ajili ya michezo. Zilikuwa za magari ya kukokotwa na ng'ombe, na za miguu ya wakulima. Kwa karne nyingi wakulima wengi wa Toscana walikaa katika mashamba yasiyo yao, na desturi ilikuwa kumpa mwenye shamba nusu ya mavuno. Sisi tuna methali isemayo, "Mchumia juani hulia kivulini." Wakulima wale walichuma juani, lakini nusu ya walichochuma ililiwa katika kivuli cha mtu mwingine. Mwaka 1964 ndipo sheria ya Italia ilipokataza mapatano mapya ya namna hiyo. Katika miaka ile ile, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wengi waliacha mashamba wakaenda mijini kutafuta kazi, na nyumba nyingi za mawe zikabaki tupu. Sidhani kama yupo aliyegeuka nyuma kuyalilia vumbi na tope.

Kisha lami ikaanza kuzifunika barabara nyeupe moja baada ya moja. Mwenyeji mmoja wa nchi ile, Giancarlo Brocci, aliona kwamba kitu chema chapotea. Mwaka 1997 katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti alikusanya waendeshaji 92, wakaenda kwa baisikeli za kizamani katika barabara za changarawe. Mwendo ule waitwa L'Eroica, yaani wa kishujaa. Hata leo baisikeli ziendazo humo hutakiwa kuwa za namna iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1987, na njia iliyo ndefu kupita zote ina kilometa 209. Siku hizi huja watu maelfu kutoka nchi nyingi. Tangu mwaka 2007 yako pia mashindano ya waendeshaji wa kulipwa, yaitwayo Strade Bianche, yanayopita katika barabara hizo hizo na kuishia katika uwanja mkuu wa Siena.

Basi watu hawa wapata nini? Tusiwacheke kabla ya kufikiri. Mtu aendaye juu ya lami aweza kusahau njia. Juu ya changarawe hawezi. Akikaza breki ya mbele kwa ghafula penye mteremko, gurudumu huteleza naye huanguka. Akisimama juu ya pedali penye kilima kikali, gurudumu la nyuma huzunguka bure, kwa kuwa uzito umeliacha. Hana budi kuketi na kukanyaga polepole. Hupunguza upepo katika mipira ili ishike ardhi vizuri. Lakini akiupunguza mno, mpira hutoboka penye jiwe kali. Hivyo hujifunza kuitazama njia iliyo mbele yake, kupima nguvu zake, na kuacha haraka. Tena mwenzake akipasua mpira mbali na kijiji, husimama kumsaidia, maana ajua kwamba zamu yake yaja. Uangalifu, kiasi na kusaidiana ni mambo mema, na ni kweli kwamba njia laini haiyafundishi sana. Kwa hiyo nasema kwamba mtu yule wa picha si mwendawazimu. Amechagua mwalimu mkali.

Lakini hapo nilipofika nilimweleza maneno haya jirani yangu, mzee aliyebeba ndizi kwa baisikeli miaka mingi. Barabara yake ilikuwa ya changarawe, yenye vilima, nayo yavuka mto bondeni. Alinisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini siku aliyochoka yeye, alishuka akapumzika. Siku niliyochoka mimi, ndizi zilikuwa hazijafika sokoni."

Neno hilo lilinichoma, nami nitaeleza sababu, ijapokuwa ni aibu yangu. Miaka iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyekawia kufika shuleni kila mara. Kwao ni ng'ambo ya bonde. Asubuhi moja nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikasema kwamba vilima huwapa watoto nguvu, na kwamba wavivu tu ndio huvilalamikia. Hakujibu neno. Baada ya majuma machache nilipata haja ya kwenda kwao, nikaenda kwa miguu kwa njia yake. Nilipanda kilima cha kwanza, nikashuka mtoni, nikavua viatu, nikavuka maji yaliyofika magotini, nikapanda kilima cha pili. Nilipofika nikamkuta mama yake, akanikaribisha, akaniambia kwamba binti huyo huteka maji kabla ya kutoka. Basi nikajua kwamba nilimsifia mtoto mzigo ambao mimi sijaubeba hata siku moja. Nilimwomba radhi, lakini maneno yaliyosemwa mbele ya darasa zima hayarudi yote.

Kwa hiyo hapana budi kupambanua. Taabu ya hiari ina mlango, na mtu aweza kutoka. Kwa sababu aweza kutoka, kule kubaki kwake ni tendo lake mwenyewe, nalo lastahili sifa. Taabu ya lazima haina mlango. Wako watakaosema kwamba hiyo nayo hufundisha, na kweli hufundisha. Mzee yule ajua kupima mteremko na kuchukua mzigo kuliko waendeshaji wengi wa picha zile. Lakini tuangalie sana ni nani tunayemsifu. Sifa ni yake yeye aliyevumilia, si ya kilima. Tukikisifu kilima, mara twasema kwamba kibaki kama kilivyo, na mtu aendelee kusukuma. Hivyo ndivyo mwenye shamba awezavyo kuusifu uvumilivu wa mkulima huku akipokea nusu ya mavuno.

Je, basi Brocci alikosa alipotaka barabara nyeupe zisifunikwe? Sioni hivyo. Barabara hizo ni kazi ya mikono ya wakulima, na kuzifuta zote ni kama kufuta alama ya kupita kwao. Lakini mgeni hupita siku moja, na mwenye nyumba hulila vumbi lile mwaka mzima. Kwa hiyo mahali popote penye njia ya namna hii, wa kuulizwa kwanza ni yule akaaye kando yake: mgonjwa wake hufikaje hospitali? Mazao yake hufikaje sokoni? Akijibiwa vema katika hayo, naye akapenda njia yake ibaki na changarawe, hapo uzuri wake ni halali kwa wote. Asipoulizwa, raha ya mgeni imejengwa juu ya taabu ya mwenyeji.

Tena hiari yaweza kufika hata mahali palipokuwa na lazima tu. Mwaka 2021 yalianzishwa katika Kenya, nchi ya Maasai Mara, mashindano ya baisikeli ya siku 4 katika njia za changarawe, yaitwayo Migration Gravel Race. Huko vijana wa Afrika Mashariki hushindana na wageni wa Ulaya na Marekani juu ya mawe yale yale. Kijana apandaye kilima kwa sababu ataka kushinda hayumo katika hali moja na kijana apandaye kwa sababu hana njia nyingine, ijapokuwa jasho lao ni moja. Nafurahi kwa ajili ya wa kwanza. Lakini furaha hiyo isitusahaulishe wa pili.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Mwanangu, mtu yule si mwendawazimu; njia ngumu aliyoichagua yaweza kumfanya awe mwangalifu na mpole kuliko alivyokuwa. Nawe ukipenda siku moja kuchagua kilima, kipande, nami nitasimama kando ya njia nikushangilie. Bali ukimwona mwenzako akisukuma baisikeli yenye mzigo katika kilima asichokichagua, usimhubirie habari za nguvu. Weka mkono wako nyuma ya mzigo, msukume pamoja naye hata juu.