Mwenyeji wa Mtaa ni Nani?

Neno "mwenyeji" ni tamu likitumiwa kumkaribisha mtu, na ni chungu likitumiwa kumfukuza. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mwenyeji wa mtaa ni nani? Je, ni yule aliyetangulia kufika?

Tuutazame mji wa Nakuru. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na mji ukaanza kukua kandokando yake. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi: Wazungu walikaa Milimani, Wahindi walikuwa na sehemu zao, na Waafrika waliwekwa katika mitaa kama Bondeni. Hapo Bondeni walikutana watu wa makabila mengi, wakazungumza kwa Kiswahili. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mipaka ya rangi ililegea na watu wakamiminika kutoka mashambani. Hesabu ya mwaka 1969 ilionyesha watu zaidi ya 47,000. Ile ya mwaka 2019, zaidi ya 570,000. Watoto wa waliotangulia wamehama, wapangaji wapya wamehamia. Nyumba huwa zile zile, lakini sauti za uani si zile.

Wako wasemao kwamba aliyetangulia ana haki ya kumwambia aliyefuata, "Rudi kwenu." Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, neno hilo lilitamkwa kwa panga na moto. Jirani alimfukuza jirani, na maelfu ya watu walilala katika mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru.

Hoja hiyo ikipimwa haisimami. Kabla ya reli, Wamasai walilisha ng'ombe zao katika bonde hili, nao wakahamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904. Tena huko Hyrax Hill, karibu na mji, yako makaburi ya watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita. Ikiwa kutangulia ndiko kuwa na haki, basi sisi sote tu wageni, wala hakuna awezaye kumfukuza mwenzake.

Je, aliyetangulia hana haki yoyote? Anayo. Ana haki ya kusikilizwa, ya makaburi ya wazee wake kuheshimiwa, na ya kutosukumwa nje kwa kodi isiyo na huruma. Ikiwa alidhulumiwa ardhi, adai mbele ya sheria. Asimlipize mpangaji wa chumba cha pili ambaye hakumdhulumu. Mgeni naye ana wajibu wa kujifunza desturi njema alizozikuta, na kushika jembe pamoja na wenzake.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walijua kwamba uzima wa mwenyeji hutegemea pia mikono ya ajaye. Kijana, akihamia mtu mpya karibu na kwenu, neno lako la kwanza kwake ndilo litakaloonyesha kama wewe u mwenyeji kweli.