Je, Twaweza Kupima Maumivu ya Mwenzetu?



Huku kwetu Ikinga, mtu akiumwa huambiwa upesi, "Jikaze!" Mama mwenye uchungu wa kuzaa huambiwa hivyo, na mtoto anayechomwa sindano pia. Sisi tuliokuwa walimu tulilisema neno hilo kuliko wote, tena fimbo ikiwa mkononi.

Zamani tulikuwa na wanafunzi wawili, ndugu wa baba na mama mmoja. Walichelewa namba, wakapewa viboko viwili viwili. Mkubwa alipokea vyake akarudi mstarini kama aliyetumwa chaki. Mdogo alipiga kelele kwa cha kwanza, akatetemeka mwili mzima. Tukamwongeza cha tatu, kwa uoga. Kiboko hicho tunakikumbuka kuliko somo lo lote tulilofundisha.

Tuliamini kuwa kiboko ni kiboko. Kumbe fimbo hugusa ngozi, lakini maumivu hukamilika ubongoni, na ubongo una dawa yake wenyewe ya kuyatuliza, inayofanana na mofini. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwadunga watu wenye afya maji ya chumvi katika msuli wa taya, huku wakipiga picha za ubongo. Waliorithi kwa wazazi wote wawili aina fulani ya jeni iitwayo COMT walitoa dawa hiyo ya ubongoni kwa uchache, wakaumia zaidi. Jeni hiyo si peke yake. Ziko nyingi, na malezi na hofu navyo vimo. Lakini kila mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, wala kwa kawaida ndugu wawili hawapokei nusu zile zile.

Katika dawa jambo hili limekwisha kubalika. Mwaka 1996 watafiti walieleza kuwa Waethiopia 29 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni inayogeuza kodeini kuwa mofini mwilini. Kidonge kinachomtuliza mmoja chaweza kumdhuru mwingine. Mwaka 2015 Ethiopia ilipiga marufuku dawa zenye kodeini.

Wako watakaosema kwamba basi ushujaa umekwisha, kila mlizi amepata udhuru. Hatukubali. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya mvulana wa kaskazini mwa Pakistan aliyejichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa mbele ya watu. Kwa kasoro ya kuzaliwa, mishipa yake haikupeleka habari ya maumivu ubongoni. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka toka juu ya paa. Je, alikuwa shujaa? Hakuwa na cha kuvumilia. Yule mdogo wetu, aliyelia na bado kesho yake akaja shule, yaelekea alilipa zaidi kuliko kaka yake.

Jeni haisomeki usoni. Tulicho nacho ni neno la mgonjwa mwenyewe. Ni kweli wako wanaodanganya. Twakumbuka matumbo yaliyouma siku za hesabu tu! Hata hivyo, afadhali kudanganywa na mmoja kuliko kumwadhibu anayeumia kweli.

Mdogo yule sasa ni mtu mzima. Tulikutana naye sokoni Isongole, akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tulitaka kumtajia kile kiboko cha tatu. Tukamwuliza habari za mahindi.