Meza ya Msafiri na Sauti ya Mtoto

Je, ni vibaya msafiri mtu mzima kutamani kula kwa raha, pasipo kelele za watoto karibu naye? Swali hili laonekana dogo, walakini limekwisha kuingia hata katika biashara: kisiwani Unguja ziko leo hoteli zinazopokea watu wazima tu. Wako wanaozisifu, na wako wanaoziita nyumba za ubinafsi. Yafaa tulipime jambo hili kwa haki.

Kwanza tukubali kwamba mtu aliyechoka astahili kupumzika. Unyamwezini jambo hili si geni. Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh karibu na Tabora mwaka 1857, aliandika habari za iwanza, nyumba ya wanaume kijijini. Humo wanaume walikula pamoja na kuzungumza, wala hawakula na wake zao. Mzee aliyekula iwanzani hakuhesabiwa kuwa amewachukia wanawe.

Lakini njia ile ile ya misafara yatufundisha na jambo la pili. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, na wengi walifuatana na wake na watoto. Katika kambi zao mtoto hakuwa kero iliyoingia kwa watu. Naye alikuwa msafiri.

Basi tofauti i wapi? Iko hapa: mtoto asiyekula iwanzani alikuwa na jiko lingine na mtu wa kumtunza. Palipo na meza nyingi, anayechagua iliyo tulivu hamdhulumu mtu. Bali mama ashukaye katika basi pale Nzega, mtoto mgongoni, mbele yake pana mkahawa mmoja tu, ataenda wapi? Kumkunjia uso huyo ni dhuluma, hata kama umelipia chakula chako. Naye mzazi asimwache mwanawe kukimbia kati ya meza za watu. Samaki mkunje angali mbichi.

Tena tujiulize, utulivu wetu waubeba nani? Chakula cha iwanzani kilipikwa na akina mama. Baba apendaye kula jioni na rafiki zake, je, mkewe amepata jioni yake hata moja?

Wala tusisahau kwamba wengine hula mbali na watoto bila kupenda. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, huko Lusu wilayani Nzega, ulifanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1990 hata ulipofungwa katika miaka ya 2010. Kwa mtu aliyewaacha wanawe mbali ili kutafuta riziki mahali kama hapo, meza isiyo na mtoto si anasa, ni upweke.

Msafiri na ale kwa amani, ashibe, apumzike. Ila pumziko hilo limrudishe nyumbani akiwa na subira zaidi kwa watoto wake, na kwa watoto wa wenzake pia.